Amstel ya upande wa pili
Ukitoka Ngara ukavuka Kabanga hadi Kobero, Burundi, Amstel ndiyo bia ya mwenye nazo na Primus ni ya kila siku, ingawa zote hutengenezwa na kampuni moja, Brarudi. Huko Uholanzi ilikozaliwa, Amstel ni bia ya kawaida tu, iliyonunuliwa na Heineken mwaka 1968. Dereva wa lori anayelala Nyakanazi, Biharamulo, ataagiza bia ya Safari au Kilimanjaro bila kuona haya. Akifika Bujumbura, anabadili bia na mkao. Nashuku ulimi hauulizwi kabisa. Wanaoulizwa ni walioketi meza ya pili. Lakini kwa pombe ya ndizi, isiyo na lebo, wanywaji huuliza tu imetengenezwa na nani.