Tovuti Kubwa Ipange Wapi?

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yumo kijana aliyeanzisha tovuti kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, akaweka humo mitihani iliyopita, majibu yake na michoro ya baiolojia. Ilianza kwa kusomwa na wenziwe wa darasa moja. Leo inasomwa na maelfu. Sasa amekujia na bei za kampuni tatu, naye anaomba fedha za kulipia mwaka mzima. Katika bei zote tatu limo neno moja lenye kuvutia: "bila kikomo". Kabla hujafungua mkoba, yafaa mkae kitako, wewe na yeye, muulizane neno hilo lina maana gani.

Tovuti haikai hewani. Mafaili yake hukaa katika kompyuta iitwayo seva, isiyozimwa usiku wala mchana, na mwenye seva hutoza kodi. Mpango ulio rahisi kuliko yote ni ule wa kuchangia seva moja na watu wengine. Mpango huo ni sawa na nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi na mita moja ya LUKU. Kila mpangaji ana ufunguo wake, lakini umeme ni wa wote, na yule wa chumba cha tatu akianza kupiga pasi nguo za wateja, uniti zitakwisha kwa ninyi nyote. Katika seva ya kuchangia, prosesa inayofanya kazi na kumbukumbu inayoitumia ndizo umeme huo.

Ahadi ya "bila kikomo", basi, si uongo wa wazi. Ila imenyamazia jambo. Aghalabu inahusu nafasi ya diski, kitu ambacho siku hizi si ghali. Haisemi utapewa sehemu gani ya prosesa, wala ni kazi ngapi zitaruhusiwa kwenda kwa wakati mmoja. Hayo huandikwa katika masharti, pale ambapo wengi wetu hatufiki. Humo pia hukaa kikomo cha idadi ya mafaili, na tovuti yenye picha ndogo ndogo nyingi huweza kukifikia hali diski ingali na nafasi tele.

Natuchukue kalamu. Tuseme wanafunzi 10,000 huitembelea tovuti kwa siku, kila mmoja hufungua kurasa 3, na kila ukurasa una uzito wa megabaiti 2. Hizo ni gigabaiti 60 kwa siku, au 1,800 kwa mwezi wa siku 30. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini siyo inayoiangusha tovuti. Kinachoiangusha ni saa ya msongamano, na saa hiyo ni jioni za mwezi wa Novemba, Kidato cha Nne wanapokuwa katika mtihani. Ikiwa ukurasa huandaliwa upya kutoka katika hifadhidata kila unapoombwa, na kazi hiyo huchukua prosesa moja nusu sekunde, prosesa 4 zitatoa kurasa 8 tu kwa sekunde. Zikiombwa 50, basi 42 zitasubiri, na sekunde ifuatayo zitaombwa nyingine 50. Foleni ya namna hiyo haiishi mpaka watu wakate tamaa, na mwanafunzi aliyekata tamaa usiku wa mkesha wa mtihani hana kesho ya kurudi.

Dawa ya kwanza hapa si kuhamia nyumba kubwa. Ni kupika mapema. Mtihani wa mwaka 2015 haubadiliki; ukurasa wake uandaliwe mara moja, uhifadhiwe ukiwa tayari, na kila ajaye apewe huo huo. Mashine ile ile ndogo huweza basi kuhudumia mamia kwa sekunde. Mimi ningemtaka kijana alitimize hilo kabla sijatoa shilingi moja zaidi.

Akiisha kulitimiza na bado pakawa hapatoshi, ahamie kwenye ile aina ambayo mafundi huiita VPS: seva moja iliyogawanywa kwa programu, kila sehemu ikiwa na mgao wake wa prosesa na kumbukumbu. Ni chumba chenye mita yake. Lakini humo mara nyingi hakuna mlinzi wala msafishaji. Ni yeye atakayeziba matundu ya usalama programu zinapochakaa. Kukodi seva nzima ni kwa wenye kazi nzito ya mwaka mzima. Ile huduma ya wingu, ambayo hulipwa kadiri unavyotumia, huwafaa wenye msimu kama huyu wetu, mradi aweke onyo la matumizi mapema, kwani ankara yake huweza kukimbia kuliko wageni.

Aulize pia seva iko nchi gani. Mnamo tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika. Seva iliyomo nchini humfikia msomaji wa nchini bila kuvuka bahari, ikiwa watoa huduma wa pande zote mbili wameunganishwa hapa hapa. Tena, kama tovuti hutunza majina na simu za wanafunzi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi.

Na ile ahadi ya kuwa hewani asilimia 99.9 ya wakati? Inaruhusu kuzimika kwa karibu saa 9 kwa mwaka, na haisemi ni saa zipi. Bei nayo iulizwe mara mbili: ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa pili, maana ya pili huweza kuwa maradufu. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mwenyewe, siyo la fundi.

Nimeacha kwa makusudi suala la nakala za akiba, ambalo kwangu lazidi yote. Alfajiri ya tarehe 10 Machi 2021, jengo moja la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto. Hakuna aliyeumia, lakini tovuti zilizozimika zilikadiriwa kuwa milioni 3.6. Wako waliolipia huduma ya nakala za akiba wakapoteza vyote, na mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru mteja mmoja alipwe fidia, kwa kuwa nakala zake zilikuwa zimewekwa mahali pale pale palipoungua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwambie kijana aombe kulipa mwezi mmoja tu kwanza. Katika mwezi huo apakue nakala ya tovuti nzima, aiweke katika kompyuta ya nyumbani, kisha aifungue mbele yako. Mtihani wa hisabati wa mwaka 2015 ukitokea na michoro yake yote, mpe fedha za miezi kumi na mmoja iliyosalia.