Imani Haihitaji Kufungiwa Ndani
Hoja kwamba mzazi Mkristo wa Mpanda amtoe kijana wake sekondari na kumfundishia nyumbani, ili imani yake isiharibike, inasahau kwamba Karema, katika mkoa huohuo wa Katavi, ambako Mapadre Weupe, yaani shirika la Wamisionari wa Afrika, walifika mwaka 1885, ndiko alikohudumu Adrian Atiman, katekista aliyesomea utabibu Malta, na elimu hiyo haikumpunguzia imani hata chembe. Tena njia ya kusomea nyumbani si nyepesi: Baraza la Mitihani la Tanzania humpokea mtahiniwa wa kujitegemea, lakini asiyepitia sekondari hutakiwa kwanza kufaulu Mtihani wa Maarifa. Na kemia isiyo na maabara, kusema kweli, huishia kukaririwa. Isitoshe, Maarifa ya Biblia ni somo linalotahiniwa kidato cha nne, hivyo mzazi anayeithamini Biblia angeanza kwa kudai mwalimu wa somo hilo shuleni.