Vita vya Gombe Havikuletwa na Ndizi

Mwaka 1991 Margaret Power alichapisha kitabu akidai kwamba sokwe ni wapole kwa asili, na kwamba ndizi walizogawiwa na watafiti wa Gombe, Tanzania, ndizo zilizowatia ukatili. Hoja hiyo bado inarudiwa. Haisimami.

Ndizi ziligawiwa kweli, na kweli zilizusha ugomvi kambini; hapo Power hakukosea. Lakini kati ya 1974 na 1978 madume wa kundi la Kasakela waliwavizia wenzao wa zamani, waliojitenga na kuhamia Kahama, upande wa kusini. Waliwaua huko huko msituni, mmoja baada ya mwingine. Ndizi gani iligombewa pale?

Tena kuna Ngogo, katika msitu wa Kibale, Uganda. Huko watafiti hawakuwalisha sokwe. Hata hivyo madume hutoka kwa mstari, kimya kabisa, wakikagua mpaka. Kwa miaka kumi waliua majirani, na mwaka 2009 wakalitwaa eneo lao na kupanua la kwao kwa asilimia 22.

Mwaka 2014 watafiti walilinganisha makundi 18 ya sokwe: mauaji hayakutegemea kuingiliwa na binadamu, bali wingi wa madume na msongamano. Hoja ya ndizi imeshindwa.