Gobori si Dawa ya Kiboko

Liko ombi ambalo husikika mara kwa mara katika vijiji vya visiwani na vya mwambao wa Ziwa Victoria, tangu Ukerewe hadi Kome na Maisome, tangu Magu hadi Sengerema. Wananchi husema: viboko wanakula mpunga na mahindi yetu, mamba wanawachukua watoto wetu na akina mama wachotao maji, basi Serikali na ituruhusu kutumia magobori yetu tujilinde. Ombi hili hutolewa na watu wenye majonzi ya kweli, na kiongozi anayelicheka hastahili kuitwa kiongozi. Hata hivyo sisi twaona kwamba likikubaliwa kama lilivyo litaongeza misiba badala ya kuipunguza.

Wako watendaji wanaolijibu ombi hilo kwa kutaja vifungu tu. Ni kweli kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974, haimruhusu mtu kuwinda bila leseni. Na ni kweli kwamba chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, gobori lisilo na kibali ni silaha haramu. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi. Aliyefiwa hafarijiwi kwa kusomewa kifungu. Mwananchi ana haki ya kuelezwa kwa nini silaha aliyoachiwa na babu yake haiwezi kazi anayotaka kuipa, na maelezo hayo yamo katika gobori lenyewe.

Gobori hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu: kwanza baruti, kisha kitambaa, kisha risasi, na vyote hukazwa kwa mdeki. Hulia mara moja tu. Mtu hodari, mwenye vifaa vyake tayari na mikono isiyotetemeka, huhitaji nusu dakika au zaidi kulishindilia tena. Kiboko aendaye mbio huweza kufikia kilomita 30 kwa saa, yaani hukata hatua 40 kwa sekunde tano hivi. Msomaji na apige hesabu hiyo mwenyewe.

Tuje kwenye risasi. Lugha yetu imetutangulia katika jambo hili, kwani neno risasi ndilo jina la madini yale laini na mazito, na ndilo jina la kitu kitokacho katika bunduki. Wahenga hawakukosea kuviita vitu hivyo viwili kwa jina moja. Risasi halisi ni nzito kwa ukubwa wake, hivyo hushika mwendo. Nayo ni laini, hivyo hupanuka kidogo impigapo mnyama na kuacha jeraha pana la kumwangusha upesi. Lakini magobori mengi yanayokamatwa nchini hukutwa yakishindiliwa vipande vya nondo, misumari, au gololi za chuma zilizotolewa kwenye magurudumu. Chuma cha ukubwa ule ule ni chepesi kuliko risasi kwa kadiri ya asilimia 30. Hakipanuki, hukwaruza mtutu kutoka ndani, na kipande cha nondo kisicho mviringo hupinduka hewani na kwenda kitakako. Mpigaji alenga bega. Nondo yatua tumboni. Ndipo watu husema mnyama ana dawa.

Hata risasi njema ina mpaka wake. Kitufe cha risasi kwa gobori lenye tundu la milimita 12.7 kina uzito wa gramu 11 na nusu hivi. Kikitoka kwa mwendo wa mita 450 kwa sekunde, ambao ni mwendo mzuri kwa gobori, nguvu yake ni chini ya robo ya nguvu ya risasi ya bunduki ya kipimo cha .375, ambayo ina gramu 19 na huruka mita zaidi ya 750 kwa sekunde. Na kwa kuwa ni mviringo, hewa hukizuia sana: kikifika mita 100, zaidi ya nusu ya nguvu ile imekwisha. Nchini mwetu kanuni za uwindaji hazimruhusu mtu kumwendea nyati au tembo kwa bunduki iliyo chini ya kipimo hicho cha .375. Walioweka kanuni hiyo hawakuwa wakiwaonea wenye magobori. Walijua kinachotakiwa ili mnyama mkubwa afe mahali pamoja.

Kwa sababu hiyo mwenye gobori hana kimbilio isipokuwa mambo mawili, ukaribu na mahali pa kulenga. Mtutu usio na mikunjo ndani hauaminiki kupita mita 50. Na katika umbali huo risasi haina budi kwenda penye moyo na mapafu. Kwa pongo au tohe aliyesimama ubavu, mahali hapo ni nyuma kidogo ya kiwiko cha mguu wa mbele, katika theluthi ya chini ya kifua. Wengi hulenga juu mno, kwa kuwa macho hufuata mstari wa mgongo. Mnyama akiondoka kwa pembe, mlengaji afikirie bega la upande wa pili na apeleke risasi kana kwamba yaelekea huko. Akimtazama mpigaji uso kwa uso, au akimpa mgongo, asipigwe kabisa. Kichwa cha swala ni kidogo, hutikisika kila mara, na risasi ikikosa ubongo kwa upana wa vidole viwili huvunja taya. Mnyama hukimbia na kufa kwa njaa baada ya siku nyingi. Baada ya mlio moshi mweupe huziba kila kitu, kwa hiyo mpigaji apige goti na kutazama chini ya moshi aone mnyama ameelekea wapi, kisha asubiri nusu saa kabla ya kufuata damu. Anayemkimbilia mara moja humtia mnyama nguvu ya hofu, naye humpoteza.

Katika madrasa tulifundishwa kwamba mnyama aliyekufa kwa kupigwa na kitu kizito, bila kupenywa, ni haramu kuliwa. Maulamaa wa zamani waliiingiza katika hukumu hiyo tufe ya udongo iliyorushwa kwa upinde, ambayo kwa Kiarabu iliitwa bunduq, na hapo ndipo lilipotoka jina la bunduki. Risasi ya baruti ilipokuja walijadiliana upya, na wako waliosema kwamba kwa kuwa yapenya ni halali pakiwa na bismillahi. Twalitaja hili kwa kuwa mjadala wao ulikuwa juu ya jambo lile lile tunalozungumza: kitu kinachopasua na kuua upesi, na kitu kinachoponda na kutesa.

Sasa turudi kwa kiboko. Mkulima wa Ukerewe hakutani naye mchana akiwa ubavu katika mita 40. Hukutana naye saa nane za usiku, katikati ya mpunga, akiwa kivuli tu, kwani mnyama huyu hushinda majini na kutoka kula gizani. Mwanga wa tochi huonyesha macho na mgongo. Huyu ni mnyama wa kilo 1,500 kwa kawaida, na dume huweza kuzidi sana. Ngozi yake mahali pengine hufikia unene wa sentimita 5, na moyo wake umefichwa chini kabisa nyuma ya mguu uliozama katika matope. Hapo hakuna mahali pa kulenga. Kinachofuata ni mlio, moshi, na kiboko mwenye kipande cha nondo katika minofu ya bega akirudi majini.

Hafi usiku ule. Hukaa katika matete ya pale pale, jeraha likioza, na hasira yake humwangukia asiyejua habari zake: mvuvi apitaye alfajiri kwa mtumbwi, au mama ashukaye na ndoo. Aliyefyatua gobori yuko nyumbani amelala. Anayelipa ni mwingine, na pengine ni mtu wa kijiji cha pili. Kwa maoni yetu hili peke yake latosha kulikataa ombi.

Mamba naye, ubongo wake ni mdogo kama kidole, umekingwa na mfupa nyuma ya macho, na akijeruhiwa huzama. Risasi ya mviringo igongayo maji kwa pembe huruka juu ya uso wa ziwa kama jiwe la watoto, na ng'ambo ya ghuba kuna watu.

Magobori haya yana historia yake. Kabla ya bunduki kuenea, Wakerewe walikuwa na wawindaji wa tembo waliojifunza kazi hiyo kwa wakubwa wao, na pembe zao zilifika pwani katika karne ya 19. Bunduki za kushindilia zikaja na misafara hiyo hiyo. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yaliyokutana Brussels yalizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, huku yakiacha mlango kwa zile za zamani za mtutu laini. Mwafrika aliachiwa makusudi silaha dhaifu. Ni ajabu basi kwamba leo wako wanaolitetea gobori kama urithi, wakimtaka mkulima alisimamie mbele ya kiboko. Wawindaji wale wa zamani wasingemruhusu kijana asiyefundishwa kumsogelea mnyama, seuze usiku.

Hatusemi kwamba gobori halina kazi duniani. Marekani, nchi yenye bunduki za kila namna, imetenga katika majimbo yake mengi majira ya kuwinda kwa bunduki za kushindilia. Lakini tazameni masharti. Katika jimbo la Colorado anayewinda kulungu kwa silaha hiyo hatakiwi kutumia tundu lililo chini ya inchi .40, na kwa elki, kulungu mkubwa wa nchi za baridi, lisipungue .50. Haruhusiwi darubini juu ya mtutu, na hilo humlazimisha asogee karibu. Kwetu pia, mwenyeji aliye na leseni, silaha yenye kibali na mnyama mdogo aliyetajwa katika leseni yake anaweza kufanya kazi safi kwa risasi moja, mradi awe nje ya Rubondo na Saanane, ambazo ni Hifadhi za Taifa na hakuna anayewinda humo. Tungependa kabla ya kupewa leseni hiyo kila mmoja aonyeshwe picha ya mnyama na kuulizwa moyo uko wapi, kisha apige shabaha mita 50 mbele ya ofisa. Atakayeshindwa arudi mwakani. Na yule anayeyeyusha risasi ya betri ya gari katika sufuria ya jikoni aambiwe wazi kwamba moshi na majivu yake ni sumu kwa watoto wake.

Wenye magobori ya siri nao wajue kwamba Serikali imekwisha kutoa fursa ya kuyasalimisha kwa hiari bila kushtakiwa, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba mwaka 2023. Fursa ya namna hiyo itangazwapo tena, viongozi wa matawi na vitongoji wawe wa kwanza kuieleza, mwalo kwa mwalo.

Lakini anayemnyang'anya mtu silaha dhaifu ana wajibu wa kumpa ulinzi ulio bora. Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Ni jambo jema, nalo huja baada ya madhara. Kinachotakiwa kabla ya madhara ni askari wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, mwenye bunduki ya kipimo kinachofaa na aliyefundishwa, afikaye kisiwani siku ile ile alipoitwa. Ni vizimba vya kuchotea maji, kama vilivyoanza kujengwa Buchosa, katika kila kijiji chenye mamba. Ni vijana wa vijiji waliofunzwa kusoma nyayo na kutoa taarifa mapema, kabla mwenye shamba hajakata tamaa na kuchimbua gobori chini ya kitanda.

Kizuizi, mara nyingi, ni boti na mafuta yake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makisio hupangwa miezi mingi kabla ya hapo. Madiwani wa Ukerewe, Buchosa na Sengerema waketipo kuyajadili, waulize ni lita ngapi zimewekwa kwa ajili ya askari wa wanyamapori, na boti hiyo italala upande gani wa maji.