VIWANJA VYA KIGAMBONI NA ZAKA INAYOKWEPWA TUNDUMA

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Swahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu, Allah (S.W.) ameujaalia mji wetu wa Tunduma kuwa mlango wa riziki. Barabara kuu na reli ya TAZARA hupita hapa kuelekea Zambia, na biashara ya mpakani na Nakonde imewatajirisha wengi miongoni mwetu. Neema hiyo hatuikanushi, wala hatumzuii Muislamu kumiliki ardhi popote alipopata kwa halali. Tunachokikemea ni haki ya mafakiri kufukiwa katika mchanga wa Kigamboni, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa.

Tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, Kigamboni si ng'ambo tena ya kungojea kivuko cha Magogoni. Wafanyabiashara wetu huenda Dar es Salaam kufuata mzigo, huvuka kutazama bahari, na hurudi na hati ya mauziano ya kiwanja. Ukimkumbusha mmoja wao zaka, hujibu: "Sheikh, mwaka huu sina kitu, fedha zote zimelala kwenye viwanja." Linalosikitisha zaidi ni kwamba baadhi ya maimamu hulipokea jibu hilo kwa kunyamaza, wakichelea kumuudhi anayenunua mazulia ya msikiti.

Sheria huitazama ardhi kwa nia ya mnunuzi. Aliyenunua ili ajenge aishi na ahli zake, hana zaka juu ya kiwanja wala nyumba. Aliyejenga nyumba ya kupangisha hatoi zaka ya jengo. Hutoa zaka ya kodi aliyoiweka ikafikia nisabu na kupitiwa na mwaka. Ama aliyenunua ili angoje bei ipande auze, kiwanja chake ni mali ya biashara, sawasawa na magunia ya mchele ghalani. Kwa kauli ya jamhuri ya maulamaa, wakiwemo wa madhehebu ya Imam Shafii, hukithamini kila mwaka kwa bei ya siku ile na kutoa asilimia 2.5. Kiwanja cha shilingi milioni 40 kina haki ya mafakiri ya shilingi milioni 1, kila mwaka.

Patakuwepo atakayetuletea kauli ya Imam Malik, kwamba mwenye kungojea bei hutoa zaka ya mwaka mmoja tu pale anapouza. Hiyo ni kauli ya mwanachuoni mkubwa na tunaiheshimu. Lakini tunamuuliza anayeishika: ulipouza kile cha kwanza ukanunua viwili, uliitoa hiyo ya mwaka mmoja? Au Imam Malik hukumbukwa siku za kungojea na kusahauliwa siku ya kuuza?

Wengine husema: "Ardhi haiozi." Naam, haiozi, lakini ahadi za dunia huoza. Mwaka 2008 Kigamboni ilitangazwa kuwa eneo la mji mpya, wananchi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, na mji ule haukujengwa kama ulivyotangazwa. Huko huko, mradi wa Dege uliopangwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000 ulisimama mwaka 2016, majengo yakabaki matupu kwa miaka. Ikiwa mipango mikubwa namna ile husimama, wewe una hakika gani kwamba utaishi kuiona bei unayoingojea? Utakufa, na zaka usiyoitoa itabaki deni shingoni mwako, ilhali warithi wako hawajui hata kiwanja kiko mtaa gani.

Na asidhani mtu kwamba tunatafuta fedha za madrasa zetu. Ni kweli watoto wetu husoma Qur'ani juu ya mikeka iliyochakaa, na wajane wa mji huu hukosa kodi ya chumba. Lakini ukishika kauli kwamba zaka hutolewa pale ilipo mali, basi wape mafakiri wa Kigamboni. Katika Surat at-Tawba, aya ya 60, Allah (S.W.) amewataja wanaostahiki, na wafadhili wa mazulia hawamo wala majina yetu hayamo.

Basi kila mwenye kiwanja aketi kabla ya Ramadhani na mwenye elimu, aorodheshe alivyonavyo, aseme nia yake kwa ukweli mbele ya Mola wake, kisha alipe na ya miaka iliyopita. Nanyi maimamu, lisemeni jambo hili juu ya mimbari, hata kama mwenye viwanja ameketi safu ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.