Chumvi Tuliyoizungushia Ua

Kuna wimbo unaopendwa sana kwenye semina za mifugo: mfugaji wetu wa kuhamahama hajui lishe. Anazunguka bila mpango, ng'ombe wake mbavu nje. Basi atulie mahali pamoja, auziwe mfuko wa madini, mambo yaishe.

Hebu twende Njoro kwanza.

Mwanzoni mwa karne iliyopita Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko. Nyasi zilipendeza macho. Akaleta mifugo, na mifugo ikafa kwa wingi. Wamasai, waliolichunga Bonde la Ufa kabla yake, hawakuwa na desturi ya kukaa pale muda mrefu. Eti hawajui! Baadaye ndipo ikafahamika kwamba udongo wa pale ni haba wa madini, na ule ugonjwa wa kudhoofika ukapewa jina la mji wa jirani: Nakuruitis.

Kinachokosekana ni kobalti, tena kiasi kidogo mno. Ndani ya tumbo la kwanza la ng'ombe kuna vijidudu wasiohesabika wanaochachua nyasi, na hao ndio wanaotumia kobalti kutengeneza vitamini B12. Bila vitamini hiyo, ini linashindwa kugeuza asidi inayotokana na nyasi zilizochachuka kuwa sukari. Hamu ya kula inakwisha. Mnyama anakufa njaa huku nyasi zimemfika magotini. Wanasayansi wa Australia walilifikia jambo la kobalti miaka ya 1930. Vitamini yenyewe ilipatikana 1948.

Mchungaji aliyetoa ng'ombe hapa msimu ukigeuka, akawapeleka kulamba udongo wa chumvi kule, alikuwa anafanya kazi ile ile ya mfuko wa agroveti. Jina la kobalti hakuwa nalo. Alikuwa na macho, na alikuwa na njia.

Njia ndiyo tuliyomnyang'anya. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamasai Bonde la Ufa. Wa 1911 ukawatoa Laikipia. Tulipopata uhuru zikaja ranchi za vikundi kwa sheria ya 1968, na sasa ranchi hizo zinakatwa vipande, kila kipande na waya wake. Halafu, baada ya kufunga, tunarudi kumuuzia kwa kilo kile ambacho ng'ombe wake walikuwa wakilamba bure, na juu yake tunamwita mjinga.

Sikatai mfuko, jamani. Ng'ombe wa maziwa aliyefungwa zizini Kiambu, anayekula nepia ya shamba moja Januari hadi Desemba, hana pa kwenda. Asipowekewa madini, ndoo itasema. Lakini hata huyo, mwenye duka amewahi kumuuliza mwenyewe udongo wake ukoje? Anauziwa tu, kama dawa ya kikohozi.

Hasira yangu ni kwa wale wanaochora mipaka. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 tunayo. Afisa akifika Kajiado na vifaa vyake vya kupima, kabla hajapiga kigingi cha kwanza, wazee wamuulize: pale ng'ombe wanapolambia chumvi patakuwa kwenye hati ya nani? Na njia ya kufika pale, umeichora wapi?