"Defer" si "differ", sawa. Sasa mnacheka nini?

Wiki hii kuna msee ameposti akitafuta kazi, akamaliza na "kindly advice". Komenti zikajaa. Nimescroll zote, hakuna hata moja ya kazi. Wote wamegeuka walimu wa kizungu, na nikiwauliza tofauti ni gani, kimya. Basi niwaambie: "advise" yenye s ni kitendo, kushauri. "Advice" yenye c ni ushauri wenyewe. Imewachukua sekunde ngapi kusoma hiyo? Mngemwandikia hivyo tu na huyo msee angerekebisha barua yake.

Mimi hicho kicheko nakijua. Mwaka wangu wa pili chuoni fee ilikataa kabisa. Nikaambiwa kuna njia: andika barua, omba kusimamisha masomo kwa muda, ukipata doo unarudi. Nikaenda saiba moja imeandikwa nje "Stationary" kwa rangi nyekundu (na kwa kweli hilo duka halijawahi kusonga, kalamu na karatasi ni "stationery" yenye e), nikachapa: "I wish to differ my studies."

Madam wa ofisi akaisoma. Akairudia kwa sauti. "Kijana, unataka kutofautiana na masomo?" Ofisi nzima ikacheka, hadi wanafunzi waliokuwa kwa laini nyuma yangu. Nikaambiwa niende niandike upya. Nikatoka na hiyo karatasi na sikurudi tena. Ndiyo, huo ulikuwa ujinga wangu, nilikuwa na miaka 19 na aibu ilinishinda. Lakini kwa rekodi zao mimi si mtu aliyeahirisha masomo. Mimi ni mtu aliyepotea.

Sa skiza kitu nilikuja kugundua baadaye, nikiwa nimekaa tu home na bando ya usiku. Kwa kizungu chetu hayo maneno yote mawili tunayatamka "difa". Waingereza wanaweka mkazo mwisho kwa "defer" na mwanzo kwa "differ". Ndiyo maana "deferred" inabeba r mbili na "differed" inabaki na moja. Hakuna mwalimu aliwahi kuniambia hivyo, na nilikuwa nakaa mbele darasani. Na hapa ndipo nilicheka peke yangu: zamani hayo yalikuwa neno moja, kutoka Kilatini "differre". Waingereza wenyewe ndio waliligawa mara mbili.

"Borrow me your charger" nayo? Mnacheka kila siku. Lakini Kiswahili kinasema "niazime chaja", na aliyepewa pia "ameazima chaja". Neno moja, pande mbili. Wajerumani nao "leihen" yao inafanya hivyohivyo na hakuna mtu huwaita washamba. Na anayesema "I will learn you", Shakespeare mwenyewe alitumia "learn" kwa maana ya kufunza. Ukitaka kukumbuka ya "borrow" na "lend", weka azima kando, shika kopa na kopesha: anayekopa ana-"borrow", anayekopesha ana-"lend". Imeisha.

Kuna wale sasa watasema kizungu si chetu, tuandike vile tunataka. Wacheni hizo. Ni rahisi kusema kama si wewe unatafuta kitu. Niliwahi kuandikia kampuni fulani nikitaka kazi ya matangazo, nikaahidi nita-"insure" bidhaa yao inafika kwa vijana. "Insure" ni bima. Nilitaka "ensure". Sikujibiwa, na siwezi apa ni kwa sababu ya hiyo herufi moja, lakini pia siwezi apa si hiyo. Msee mwenye kukulipa hana haja na historia ya Kilatini. Kwa hivyo mimi sa hizi kabla ya kutuma kitu nafungua kamusi, hata kwa neno nadhani nalijua. Hasa neno nadhani nalijua.

Kinachoniudhi ni kwamba nyinyi wa kucheka mnaandika "piga kula" na hakuna anayewaliza. Mnaandika "dhamani" mkimaanisha thamani, na dhamana ni ile ya kutoa mtu seli. Mnaandika "hama" mkimaanisha "ama", hadi sijui kama ni swali ama unabadilisha nyumba. Hapo ni sawa? Hapo ni "si tumeelewana"? Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, na Kiswahili ndiyo lugha ya taifa. Ningeandika "naomba kuahirisha masomo" hakuna herufi ningekosea. Hata haikunijia akilini kwamba naruhusiwa.

Huyo msee wa "kindly advice" ameshafuta posti yake. Nimemtafuta inbox, tumeandika upya pamoja, anatuma kesho asubuhi. Kama wewe pia una barua na kuna neno unashuku, nitumie. Msitume picha za CV zenye namba za kitambulisho, tafadhalini, jana nimepata tatu.